Hoja Nzima: Staha ya Siasa na Kazi ya Vyombo vya Habari



Nimeombwa kuzungumzia mambo mawili: kupotea kwa staha katika siasa na kushuka kwa ubora wa habari. Nitayazungumza kama jambo moja. Mwanasiasa hugeukia tusi akishajua kwamba hoja yake haitawafikia wananchi ikiwa nzima, ilhali tusi lake litafika kabla hajashuka jukwaani. Chombo cha habari nacho hubeba tusi kikishakosa fedha, nafasi au ujasiri wa kubeba hoja. Basi anayetaka staha irudi na aanze kwa kurudisha hoja. Anayeanza kwa kufunga watu midomo atapata ukimya, na nchi nyingi zimewahi kuonja ukimya zikadhani ni adabu.

Zamani hapakuwa na upole

Tumezoea kuambiwa kwamba siasa za zamani zilikuwa za kistaarabu. Kumbukumbu zetu hazisemi hivyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, aliitumia kalamu yake kuwatetea watawala wa ukoo wa Mazrui dhidi ya Sultani Sayyid Said na kuwakejeli watu wa Lamu waliokuwa upande wa pili. Washairi wa Lamu, akiwamo Zahidi Mngumi, nao walijibu mapigo. Hakuna aliyemwonea mwenzake haya. Lakini kujibizana kule kulikuwa na sharti lake. Aliyetaka kulijibu shairi alilazimika kwanza kulisikia lote, alihifadhi, alifumbue fumbo lake, ndipo alijibu kwa vina na mizani mbele ya watu wanaolijua shairi zuri na bovu. Aliyekuja na tusi tupu alionekana mtupu. Ukali ulikuwa na gharama yake, na gharama hiyo ililipwa kwa kufikiri.

Utamaduni huo uliingia magazetini. Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji, na kurasa za mashairi zikaendelea katika magazeti yaliyofuata. Saadani Kandoro alikuwa mshairi na mwanaharakati wa chama cha TANU kwa wakati mmoja, wala hakuna aliyeona ajabu mtu huyohuyo kufanya kazi zote mbili.

Kuna jambo la pili ambalo historia inatufundisha. Watawala wa enzi zote wamekuwa wepesi wa kuiita hoja tusi. Mwaka 1958 Julius Nyerere alifikishwa mahakamani kwa sababu ya makala katika Sauti ya TANU yaliyowagusa wakuu wawili wa wilaya, Waingereza. Shtaka lilikuwa kashfa. Alitiwa hatiani, akapewa faini ya pauni 150 au kifungo cha miezi sita, akalipa faini. Miaka 10 baadaye, katika Kenya iliyokwisha kupata uhuru, kijana wa Mombasa aitwaye Abdilatif Abdalla aliandika waraka uitwao "Kenya: Twendapi?", akiihoji serikali ya KANU kwa namna ilivyokuwa ikikibana chama cha upinzani cha KPU. Aliambiwa ni mchochezi, akafungwa miaka mitatu.

Nayasema haya mapema ili tusije tukaigeuza staha kuwa fimbo ya kumchapia anayehoji. Katika nchi zetu mtu akiuliza fedha za mradi zimekwenda wapi huambiwa hana adabu kwa viongozi. Na anayemwita mpinzani wake jina la mnyama hupigiwa makofi na vigelegele. Staha ninayoizungumzia inaruhusu kumwambia waziri mbele ya watu kwamba ameshindwa kazi. Inachodai ni kwamba useme ameshindwa kazi gani, lini, na umejuaje.

Dodoma, 2014

Mfano ninaotaka tuutazame kwa karibu ni Bunge Maalumu la Katiba la Tanzania.

Tume ya Mabadiliko ya Katiba, chini ya Jaji Joseph Sinde Warioba, Waziri Mkuu wa zamani, ilizunguka nchi nzima kukusanya maoni. Tarehe 30 Desemba 2013 iliikabidhi Rasimu ya Pili kwa Rais Jakaya Kikwete na Rais Ali Mohamed Shein wa Zanzibar. Rasimu ilipendekeza Muungano wa serikali tatu. Ilikuwa na mengi mengine pia: mawaziri wasiwe wabunge, mtu asiwe mbunge kwa zaidi ya vipindi vitatu, wapiga kura waweze kumwondoa mbunge wao kabla ya muda wake kwisha.

Bunge Maalumu lilianza Februari 2014. Wiki za mwanzo zilikwenda katika kutunga kanuni, kubishania kura ya siri au ya wazi, na kulalamika kwamba posho ya shilingi 300,000 kwa siku haitoshi. Tarehe 17 Machi, Warioba alipofika kuwasilisha rasimu, kelele za wajumbe zilimzuia. Akaiwasilisha kesho yake. Tarehe 16 Aprili wajumbe wa umoja wa upinzani wa UKAWA, yaani CUF, CHADEMA na NCCR-Mageuzi, walitoka ukumbini wakilalamikia ubaguzi, matusi na vitisho. Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF, aliyetangaza uamuzi huo, aliwafananisha wenzake waliobaki na Interahamwe, wale wauaji wa Rwanda. Aliyetoka kwa kukerwa na matusi aliacha nyuma neno zito kuliko mengi aliyoyalalamikia.

Waliobaki waliendelea, na tarehe 2 Oktoba Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 2 Novemba, mdahalo ulioandaliwa na Taasisi ya Mwalimu Nyerere huko Ubungo, Dar es Salaam, ulivunjika kwa vurugu Warioba akiwa mzungumzaji, na mzee huyo akalazimika kutolewa ukumbini. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa. Haijafanyika.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama habari ya watu waliopoteza adabu. Mimi nakiuliza swali jingine: nani alifaidika na kelele zile? Mwulize Mtanzania yeyote leo Rasimu ya Warioba ilihusu nini; atakujibu "serikali tatu" na kuishia hapo. Serikali mbili na serikali tatu zilikuwa kama timu za Simba na Yanga: mtu alichagua upande kwanza, sababu zikafuata baadaye au zisifuate kabisa. Wakati huohuo, kifungu cha kumwondoa mbunge na kile cha ukomo wa vipindi vitatu havikuingia katika Katiba Inayopendekezwa. Sehemu kubwa ya waliovipigia kura walikuwa wabunge na wawakilishi, yaani walewale ambao vifungu hivyo vingewabana. Mgongano wa maslahi ulio wazi namna hiyo ulistahili kurasa za mbele kwa wiki nzima. Kurasa hizo zilichukuliwa na posho, vijembe na nani katoka nje. Tusi liliwasaidia wote wawili, aliyetukana na aliyetukanwa, kulikwepa swali.

Kumbukeni pia kwamba vikao vile vilirushwa moja kwa moja. Kamera haikuleta staha. Mjumbe aliyejua kwamba jimbo lake linamtazama alisema la kumfurahisha mtazamaji, na hapakuwa na watu wa kutosha wa kuketi na rasimu mbili mezani, kifungu kwa kifungu, na kutueleza jioni ile nini kimeondolewa na nani kakiondoa. Hiyo ndiyo kazi ya mwandishi, na kamera haiwezi kuifanya.

Kisha tukapoteza hata kamera. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba shirika la utangazaji la TBC litapunguza kurusha vikao vya Bunge moja kwa moja kwa sababu ya gharama. Tarehe 27 mwezi huo wabunge wa upinzani walipopinga, polisi waliingia ukumbini kuwatoa. Baada ya hapo, tulichokuwa tunakiona chote bila kuelezwa, tukaanza kukiona vipande vipande, bado bila kuelezwa. Na kipande kinachosambaa simuni ni kile chenye tusi. Mbunge anayetaka kusikika hajachelewa kulijua hilo.

Tusi halihitaji nauli

Tuingie sasa katika chumba cha habari, maana huko ndiko bei inakopangwa.

Kila mwaka, mwezi Aprili, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huwasilishwa bungeni. Ni mamia ya kurasa. Mwandishi anayetaka kuandika habari moja nzuri kutoka humo atahitaji siku kadhaa, mtu wa kumfafanulia hesabu, nauli ya kwenda kwenye halmashauri iliyotajwa, na subira ya kumngoja mkurugenzi ambaye hapokei simu. Siku hiyohiyo mbunge mmoja kamwita mwenzake kasuku. Habari hiyo huandikwa kwa dakika chache, na mwandishi hanyanyuki kwenye kiti.

Waandishi wengi wa mikoani hawana mshahara; ni korespondenti wanaolipwa kwa kila habari inayotoka. Malipo ya habari iliyofanyiwa kazi siku kadhaa na ya ile iliyookotwa jukwaani mara nyingi hayapishani sana. Mtu mwenye watoto wa kusomesha ataandika ipi? Wakati mwingine aliyeitisha mkutano na waandishi ndiye anayewalipia nauli, ile inayoitwa bahasha. Mwandishi aliyekwenda kwa nauli ya mwanasiasa hatamuuliza swali litakalomnyima nauli ya kesho. Tunawalaumu waandishi kwa kukosa maadili, na wapo wanaostahili lawama, lakini anayemwajiri mtu bila kumlipa ameshaamua ni habari za aina gani atapata.

Kuna na desturi yetu ya asubuhi. Redio na televisheni husoma magazeti kabla watu hawajaenda kazini, na kinachosomwa ni vichwa vya habari. Kwenye meza ya muuza magazeti watu husimama, wakasoma ukurasa wa mbele, wakabishana, wakaondoka bila kununua. Kwa hiyo kwa walio wengi gazeti zima ni maneno sita ya ukurasa wa mbele. Mhariri anayelijua hilo hutafuta maneno sita yatakayoleta ubishi, na hakuna yanayoleta ubishi haraka kuliko majina ya watu wawili na kitenzi cha kupigana: fulani amvaa fulani, fulani amlipua fulani. Siku hizi hata gazeti lenyewe halihitajiki. Mtu hutengeneza picha yenye nembo ya gazeti maarufu, akaandika humo uongo wake, na ndani ya saa moja imefika kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo mzima.

Nimtaje na mwenzake mtukanaji, ambaye hatumzingatii vya kutosha: chawa. Huyu kazi yake ni kusifu. Hutukana kwa niaba ya mwingine na husifu kwa malipo, na kwake kazi hizo mbili hazitofautiani. Mahali penye chawa wengi hoja haina soko, kwa sababu kiongozi anayesifiwa kutwa hana sababu ya kujibu swali, na anayeuliza huonekana adui. Tukikemea matusi tukaacha sifa za kununuliwa, tutakuwa tumetibu nusu ya ugonjwa.

Mpaka uko wapi

Yuko atakayesema: maneno ni maneno tu, waache watu watukanane. Majirani zetu wametuonyesha kwamba si hivyo.

Julai 1993 redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo Kigali. Ilipendwa upesi. Watangazaji wake walizungumza lugha ya mtaani, walitania na kupiga muziki mzuri, wakati redio ya taifa ilikuwa nzito na rasmi. Ndani ya utani huo Watutsi waliitwa mende, na mwaka uliofuata redio hiyohiyo ilitaja majina ya watu wa kuwindwa. Tarehe 3 Desemba 2003, hapa hapa Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waanzilishi wa RTLM, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Mpaka ulipo ndio huo. Kumkosoa mtu kwa alichokitenda, hata kwa ukali, ni siasa. Kulivua kundi la watu ubinadamu wao ni maandalizi ya kuua, na sheria ina kazi hapo.

Kenya nayo ilipita karibu na shimo hilo. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na ikaeleza namna baadhi ya redio za lugha za makabila zilivyochochea chuki. Hata hivyo serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja tarehe 30 Desemba 2007, uvumi haukupungua. Ulihamia kwenye ujumbe mfupi wa simu, ambako hapakuwa na mhariri. Baadaye ilitungwa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008, na tume yake ikaundwa. Juni 2016 wanasiasa wa Jubilee, upande wa serikali, na wa CORD, upande wa upinzani, walitiwa rumande pamoja katika kituo cha polisi cha Pangani, Nairobi, kwa tuhuma za uchochezi. Walitoka wamekuwa marafiki. Wafuasi wao, waliokuwa tayari kutoana macho kwa ajili yao, walijifunza siku ile kwamba kwa wakubwa chuki ilikuwa kazi ya mchana.

Dawa iliyokwisha kushindwa

Hapa Tanzania dawa tuliyoipenda ni kufungia. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilimpa waziri uwezo wa kulifungia gazeti. MwanaHalisi lilifungiwa Julai 2012. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilikuja na meno yake, na Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ikaamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Juni 2020 Tanzania Daima lilinyang'anywa leseni. Februari 2022 serikali yenyewe ilirudisha leseni za Mawio, MwanaHalisi, Mseto na Tanzania Daima.

Je, katika miaka ile ya kufungia, matusi yalipungua nchini? Kila mwenye simu anajua jibu. Gazeti lina ofisi, lina mhariri mwenye jina, na ukikosewa unaweza kwenda Baraza la Habari Tanzania, chombo ambacho wanahabari wenyewe walikiunda mwaka 1995 ili wananchi wapate pa kulalamika bila kwenda mahakamani. Ukurasa wa mtandaoni wa mtu asiyejulikana hauna hata kimoja kati ya hivyo. Serikali iliyofunga magazeti iliwafunga walioweza kuwajibishwa na kuuacha uwanja kwa wasioweza.

La kufanya

Wahariri, nawaomba jambo linaloweza kuanza kesho asubuhi. Mwanasiasa akitukana, msilipe tusi lake kichwa cha habari. Andikeni hoja aliyoikwepa, na kama hakuwa na hoja, andikeni kwamba aliulizwa akashindwa kujibu. Mwandishi aliyesoma ripoti alipwe zaidi ya aliyenukuu kejeli. Vikundi vidogo kama Nukta Fakti na JamiiCheck vimeonyesha kwamba kuhakiki madai kwa Kiswahili kunawezekana bila kuwa na mtambo mkubwa wa fedha. Chumba cha habari chenye wafanyakazi mia hakina udhuru.

Waandishi vijana, tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 30. Itumieni. Andikeni barua, mtunze nakala, na mkinyimwa jibu, kunyimwa huko ni habari. Nendeni pia katika mabaraza ya madiwani, ambako bajeti za zahanati na visima hupitishwa huku meza ya waandishi ikiwa tupu.

Serikali ndiyo mtangazaji mkubwa wa biashara magazetini. Matangazo yake yagawiwe kwa vigezo vilivyoandikwa na vinavyojulikana, yasiwe zawadi ya utiifu. Na vikao vya wawakilishi wetu, kuanzia Bunge hadi halmashauri, virushwe na kuhifadhiwa vyote, kwa maana ni kazi yetu wanayoifanya na kwa fedha zetu.

Nanyi mnaonisikiliza, ambao wengi wenu mtapiga kura na baadhi yenu mtagombea: mtukanaji anaishi kwa makofi yenu. Mgombea akija kijijini akamwita mpinzani wake mwizi, mwambieni ataje kilichoibwa, mwaka gani, na waraka uko wapi. Asipojibu, mwulizeni mara ya pili. Asipojibu tena, ondokeni mkutanoni mumwachie turubai lake. Video yenye tusi ikifika simuni mwako, usiipeleke mbele. Na kama unataka habari zilizofanyiwa kazi, zinunue. Aliyefanya kazi hiyo naye anakula.